Namba za RIN: serikali ikichelewa, mdogo ndiye anayelipa

Ijumaa ya tarehe 13 Juni 2025 bei ya mafuta ya soya katika soko la Chicago ilipanda hadi kikomo cha juu kinachoruhusiwa kwa siku moja. Ni kweli kwamba siku hiyo hiyo mafuta ghafi nayo yalipanda kutokana na mapigano ya Israel na Iran. Lakini kilichowatia wazimu madalali wa soya ni karatasi ya serikali. Mamlaka ya Mazingira ya Marekani, EPA, ilikuwa imetoa mapendekezo ya kiasi cha mafuta ya mimea kitakacholazimishwa kuingia kwenye petroli na dizeli miaka ya 2026 na 2027. Kwa upande wa dizeli itokanayo na mimea na mafuta ya wanyama, pendekezo lilikuwa galoni bilioni 5.61 kwa mwaka 2026, wakati kiwango cha mwaka 2025 kilikuwa bilioni 3.35. Aliyekuwa ameshika mikataba ya kununua alichekelea, na aliyeuza akitegemea bei kushuka alikwenda nyumbani mikono mitupu.

Wafanyabiashara wengi wadogo huziona kanuni za namna hii kuwa ni mambo ya wanasheria na wahasibu wa viwanda vikubwa. Hapo ndipo wanapokosea. Katika biashara hii kanuni, ripoti na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ripoti ndiyo mali yenyewe inayouzwa.

Mpango wenyewe ulianzishwa na sheria ya nishati ya Marekani ya mwaka 2005 na kupanuliwa na ile ya mwaka 2007. Kila galoni ya ethanoli ya mahindi inayotengenezwa kwa kufuata masharti huzaa namba moja iitwayo RIN. Galoni ya biodizeli huzaa namba moja na nusu, kwa kuwa ina nguvu zaidi. Mafuta hayo yanapochanganywa na petroli au dizeli, namba hutengana na mafuta na inaweza kuuzwa peke yake. Wasafishaji na waagizaji wa petroli na dizeli wanalazimika kila mwaka kukabidhi kwa serikali idadi ya namba inayolingana na mauzo yao. Asiyechanganya mwenyewe hununua za mwenzake. Hata mtu asiye na kiwanda wala lori anaweza kujiandikisha na kufanya biashara ya namba hizo, na ndipo wawekezaji wadogo na madalali walipoingilia.

Hesabu yake si ngumu. Lori la galoni 7,000 za biodizeli lina namba 10,500. Namba moja ikiuzwa dola moja, mwenye lori ana dola 10,500 juu ya bei ya mafuta yenyewe. Ikishuka hadi senti 50, amepoteza dola 5,250 bila tone hata moja kumwagika.

Tangu tarehe 1 Julai 2010 mauzo yote ya namba hizi hupitia daftari la kompyuta la EPA linaloitwa EMTS. Mtengenezaji ana siku tano za kazi za kuandikisha namba alizozalisha. Muuzaji naye ana siku tano za kuandikisha mauzo, na mnunuzi siku kumi kuthibitisha. Kuna ripoti za kila robo mwaka, ukaguzi wa kila mwaka wa mhasibu wa nje, na mhandisi wa nje anayepaswa kukagua kiwanda kila baada ya miaka mitatu. Kumbukumbu zote hutunzwa miaka mitano. Anayefahamu jinsi hesabu zinavyowekwa katika viwanda vidogo, popote duniani, ataelewa kwamba huu si mzigo mwepesi kwa mtu mwenye matangi mawili na karani mmoja.

Ukali huo ungekuwa na haki kama serikali nayo ingejifunga kwa kalenda yake. Sheria inaitaka EPA itangaze viwango vya mwaka ifikapo tarehe 30 Novemba ya mwaka uliotangulia. Viwango vya mwaka 2014 vilitangazwa tarehe 30 Novemba 2015, pamoja na vya mwaka 2015 na 2016. Yaani msafishaji aliambiwa wajibu wake wa mwaka 2014 miezi kumi na moja baada ya mwaka huo kwisha. Viwango vya mwaka 2021 na 2022 vilitoka Juni 2022, na hapo hapo vile vya mwaka 2020 vikarekebishwa kushuka chini. Vya mwaka 2023 hadi 2025 vilitoka Juni 2023, nusu mwaka ikiwa imekwisha. Mtengenezaji anahesabiwa siku tano za kazi, lakini anayemhesabia amechelewa miezi kumi na minane.

EPA ilipoona mambo hayaendi, mwaka 2022 ilibadilisha utaratibu. Badala ya tarehe 31 Machi kuwa mwisho kwa kila hali, tarehe ya kukabidhi namba sasa husogea mbele iwapo viwango vya mwaka unaofuata havijaanza kutumika. Wapo waliousifu utaratibu huo kuwa wa haki, na una haki ndani yake, maana msafishaji hawezi kuamua aweke akiba kiasi gani bila kujua deni la mwakani. Lakini maana yake sokoni ni kwamba ucheleweshaji umehalalishwa. Namba hutumika kwa mwaka ilipozalishwa na mwaka mmoja unaofuata tu, tena kwa mwaka huo wa pili isizidi asilimia 20 ya wajibu. Mwenye mtaji mkubwa anaweza kukaa juu ya namba zake akisubiri tangazo. Mwenye mkopo wa benki unaodai riba kila mwezi hawezi. Atauza kwa bei atakayoikuta, na mara nyingi mnunuzi wake ni yule yule mwenye uwezo wa kusubiri.

Kuyumba kwa bei si hadithi. Mwanzoni mwa mwaka 2013 namba ya ethanoli ya mahindi iliuzwa kwa senti zisizofika 10. Kufikia Julai mwaka huo ilikuwa karibu dola 1.40. Kiwanda cha Philadelphia Energy Solutions, kikubwa kuliko vyote vya kusafisha mafuta katika pwani ya mashariki ya Marekani, kikiwa na uwezo wa mapipa 335,000 kwa siku, kiliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Januari 2018 kikilaumu gharama ya namba hizi. Wachunguzi wengine walisema lawama hiyo ilitiwa chumvi na kwamba wenye kiwanda walikuwa na madeni mengine mazito. Pengine pande zote mbili zina ukweli. Kilichofuata ni kwamba kiwanda kilipewa nafuu ya kukabidhi sehemu tu ya namba kilizodaiwa, na wale walionunua namba zao zote kwa bei ya soko hawakurudishiwa kitu.

Suala la misamaha linauma zaidi. Kiwanda kisichozidi mapipa 75,000 kwa siku kinaweza kuomba kusamehewa kwa sababu ya ugumu wa kiuchumi. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliamua kwamba kiwanda kinaweza kupata msamaha hata kama miaka ya nyuma hakikuwa nao mfululizo. Maombi yakarundikana. Tarehe 22 Agosti 2025 EPA iliyatolea uamuzi maombi 175 kwa mkupuo, mengine ya tangu mwaka 2016. Maombi 63 yalikubaliwa yote, 77 yalikubaliwa kwa sehemu, 28 yalikataliwa na saba yakaonekana hayastahili. Kila msamaha unapunguza mahitaji ya namba. Mtu aliyenunua namba mwezi Julai hakuwa na njia ya kupima uamuzi wa Agosti, kwa sababu siri za biashara za waombaji hazitolewi hadharani. Hapo ndipo neno uwekezaji linapoanza kufanana na kamari.

Upande wa pili wa shilingi ni udanganyifu, na hapa serikali ilikuwa na sababu ya kukaza kamba. Rodney Hailey wa Maryland, mwenye kampuni iliyoitwa Clean Green Fuel, aliuza namba zaidi ya milioni 32 za biodizeli ambayo haikuwahi kutengenezwa. Alijipatia kama dola milioni tisa, akanunua magari ya kifahari, na mwaka 2013 akahukumiwa kifungo cha miaka 12 na nusu. Mwaka huo huo Jeffrey Gunselman wa Absolute Fuels, Texas, alipata zaidi ya miaka 15. Namba zilizotiliwa shaka katika kampuni hiyo zilikuwa milioni 48. Kesi ya tatu, ya Green Diesel ya Houston, ilihusu namba milioni 60, na mkuu wake, Philip Rivkin, alifungwa miaka zaidi ya kumi mwaka 2016. Jumla ni namba milioni 140 za hewa.

Wafungwa hao walistahili walichokipata. Swali ni nani aliyebeba hasara. Kanuni ilisema, na bado inasema, kwamba namba batili haiwezi kutumika hata kama mnunuzi alinunua kwa nia njema. Kampuni kubwa za mafuta zililipa faini na kununua namba nyingine. Kwao lilikuwa jambo la kuudhi tu. Waliopata kipigo ni watengenezaji wadogo wa biodizeli ambao hawakuwa wameghushi chochote. Mara baada ya matangazo ya EPA ya Novemba 2011 na Februari na Aprili 2012, wanunuzi walianza kukwepa namba za viwanda visivyojulikana. Viwanda vyenye jina viliendelea kuuza. Kiwanda kidogo chenye mafuta halisi ndani ya tangi kilijikuta kikitoa punguzo kubwa, au kikikosa mnunuzi kabisa.

Mwaka 2014 EPA ilianzisha utaratibu wa hiari wa wakaguzi binafsi wanaothibitisha namba. Namba iliyopitishwa na mkaguzi humpa mnunuzi kinga dhidi ya faini ikija kugundulika kuwa ni batili, ingawa mtengenezaji akishindwa kuifidia, mnunuzi bado hutakiwa kutafuta nyingine. Ni utaratibu mzuri, isipokuwa ada ya mkaguzi ni ile ile ya safari, vipimo na mafaili, kiwanda kiwe kikubwa au kidogo. Kwa mkubwa ada hiyo ikigawanywa kwa kila galoni haionekani, lakini mdogo anaiona kila mwezi. Serikali iliyoamua kwamba hatari yote iwe ya mnunuzi ingeweza angalau kuchangia ukaguzi wa viwanda vilivyo chini ya kiwango fulani. Gharama yake ingekuwa ndogo kuliko kesi moja ya namba za hewa.

Sasa macho yamehamia kwenye mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, yanayoingizwa Marekani kutoka nje. Hofu ni kwamba baadhi ni mafuta mapya yaliyopewa jina la makuukuu. Agosti 2024 EPA ilithibitisha kuwa imeanza kukagua minyororo ya ugavi ya baadhi ya watengenezaji. Katika mapendekezo yale ya Juni 2025 iliongeza kwamba mafuta au malighafi kutoka nje zipewe nusu tu ya namba zinazopewa za ndani.

Jambo hili lina uzito hata Afrika Mashariki. Huko Makueni, Kenya, kampuni ya Eni ya Italia ilimaliza mwaka 2022 kiwanda cha kukamua mbegu za mafuta za wakulima, na mwaka huo huo shehena ya kwanza ikapelekwa kwenye kiwanda chake cha Gela, Sicilia. Soko la shehena hiyo ni la Ulaya na lina vyeti vyake tofauti, lakini mantiki ni ile ile. Mkulima wa mbarika analipwa kutokana na karatasi inayoonyesha mbegu imetoka shamba lipi. Karatasi ikikatika popote njiani, kilichobaki ni mafuta ya kawaida kwa bei ya kawaida.

Kwa hiyo anayefikiria kuweka fedha katika mafuta haya, iwe ni hisa za kiwanda au malighafi, aanze kwa kuuliza maswali ya kichoshi. Ripoti ya robo mwaka iliyopita iliwasilishwa lini? Mhandisi wa nje alifika mwaka gani? Stakabadhi za malighafi zinaonyesha jina la aliyeuza, au zinamtaja dalali tu? Mwenye kiwanda anayejibu kwa kufungua kabati ana bidhaa mbili za kuuza. Anayejibu kwa kueleza jinsi bei itakavyopanda mwakani ana moja, na hiyo moja inategemea tangazo ambalo tarehe yake haijawahi kuaminika.