Eti "Ni Panya Tu"? Haya, Sikizeni

Wasee, kila nikiposti mnyama mdogo kuna komenti haikosi: "Si ni panya tu." Leo nabishana na hiyo komenti.

Machi 2018 Sudan alikufa pale Ol Pejeta, Laikipia. Kifaru dume wa mwisho wa weupe wa kaskazini. Alikuwa na walinzi wenye bunduki usiku na mchana, na alipokufa dunia nzima ilimlilia. Sawa kabisa, alistahili. Februari 2019, hata mwaka haujaisha, serikali ya Australia ikatangaza kwamba panya mmoja wa kahawia, melomisi wa Bramble Cay, ameisha duniani. Nani aliposti?

Na huyo ndiye mamalia wa kwanza kujulikana kwamba amemalizwa na mabadiliko ya tabianchi tuliyoyaleta sisi binadamu. Wa kwanza kabisa, bana!

Bramble Cay ni kakisiwa ka kama ekari 10, kati ya Australia na Papua New Guinea. Pahali pa juu zaidi ni kama mita 3 tu. Panya huyo hakuishi kwingine kokote. Bahari ikapanda, dhoruba zikarusha maji ya chumvi ndani, mimea ikakufa. Kati ya 2004 na 2014 kisiwa kilipoteza asilimia 97 ya mimea yake, na hiyo ndiyo ilikuwa chakula chake na maficho yake. Mtu wa mwisho kumwona alikuwa mvuvi, 2009. Watafiti walipoenda 2014 na mitego na kamera, hawakupata hata mmoja.

Hapa ndio inaniuma: walijua. Mpango wa kumwokoa uliandikwa 2008. Kukamata panya kadhaa na kuwazalisha pahali salama si kazi ya kushinda nchi tajiri hivyo, nchi inayouzia dunia makaa ya mawe. Wazo la kuwatoa huko lilifika wakiwa wameshaisha. Angekuwa na sura ya kuuza fulana, mnadhani angengoja hivyo?

Najua kuna mtu anaandika saa hii: "Watu wana njaa, wewe unalilia panya wa Australia." Boss, hiyo bahari iliyommeza ndiyo hii inayopanda Lamu na Mombasa. Kenya haitoi hata asilimia 1 ya hewa chafu ya dunia, na bado tutalipa. Panya alianza kulipa kwa sababu alikuwa chini kabisa. Hebu niambie wewe uko ngazi ya ngapi.

Turudi Laikipia. Kaunti hiyo hiyo ya Sudan ina panya mwenye kishungi, anayetafuna gome la msunguti, ule mti wa sumu ya mishale, halafu anajipaka mate hayo kwa manyoya ya ubavuni. Mbwa akimuuma anaweza kufa. Watafiti walinasa 25 huko, na 2020 wakaandika kwamba wanaishi wawili wawili, dume na jike. Huyo ni wetu. Lakini shuleni ulifundishwa Wakubwa Watano, wale watalii wanalipia kuona.

Mimi chuo niliacha, lakini kazi yangu imenifunza kitu kimoja: pesa hufuata macho. Na macho ya watu siku hizi tunayo sisi, kwa hizi simu.

Kwa hivyo, NEMA ikitangaza ripoti ya mradi karibu na kwenu na kuomba maoni ya umma, soma ile sehemu ya wanyama. Kama wadogo hawajatajwa, andika uulize. Ni bure. Na mtu akikuambia ni panya tu, mwambie Australia pia walikuwa na panya tu.