MZIGO UPIMWE

Ndugu wanachama, mkulima wetu apakiaye machungwa chomboni kwenda Dar es Salaam hajui atauza kwa kiasi gani mpaka mzigo uteremke. Kutoka ufukwe wa Magogoni hadi Kariakoo si mbali, lakini katika mwendo huo mfupi mali humtoka mikononi ikaingia mwa dalali. Tunda lililochumwa haliwezi kungoja, dalali aweza.

Soko la Kariakoo, ambalo msanifu Beda Amuli alilichora na likafunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Lumbesa haikuungua. Gunia hujazwa, likatiwa na kilemba juu, kisha likalipwa kama gunia moja, na ilhali sheria ya vipimo imekwisha kulikataza jambo hilo!

Hatumlaumu dalali peke yake; naye ana watoto wa kulisha. Lakini auzaye peke yake, bila mizani, hana neno la kusema. Wakulima wa kijiji kimoja wanunue mizani, wachambue matunda, wamweke mtu wao Kariakoo awapigie simu kuwapa bei kabla ya kuchuma. Bei ikiwa mbovu, chungwa huvumilia mtini. Matawi yalijadili jambo hili kabla msimu haujaingia.