Mwenye Nyumba Asimtupie Mpangaji Mzigo

Maji hayajui mlango wa mtu. Mpangaji wa ghorofa ya juu akiacha mfereji wazi, au akitoboa ukuta apitishe bomba bila ya fundi, hasara humshukia jirani wa chini. Hapo mwenye nyumba husema, "Si mimi, ni mpangaji", na mpangaji husema, "Mimi nalipa kodi tu." Wakati wakishindana, dari inanyonya maji.

Katika Mji Mkongwe wa Unguja jambo hili si dogo. Majumba yale yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Chokaa ikilowa siku nyingi hulegea, na boriti huoza. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu wawili. Pale hapakuwa na mpangaji wa kulaumiwa. Lakini tulijifunza kuwa jengo kongwe halingoji wabishi wamalize ubishi.

Wala majumba mapya hayakusalimika. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu jengo moja la Zanzibar kuwa na wamiliki wengi, kila mmoja na sehemu yake, ilhali paa, ngazi na kuta ni za wote.

Sisi twaona kwamba wa kwanza kumjibu jirani ni mwenye nyumba, kwa kuwa ndiye aliyemchagua mpangaji na ndiye apokeaye kodi. Akiisha kutengeneza, na amdai mpangaji aliyekosa. Lakini bomba lililochakaa kwa miaka si kosa la mpangaji, na asibebeshwe. Kwa hiyo mkataba uandikwe, na chumba kikaguliwe na wote wawili siku ya kuingia.

Pili, jengo zima likatiwe bima moja, kila mwenye sehemu achangie kwa kadiri yake. Shirika la Bima la Zanzibar lipo tangu 1969. Lakini tusijidanganye: kwa kawaida bima hulipa ajali ya ghafla, si uvujaji ulioachwa makusudi, wala bima ya jengo hailipi godoro na cherehani ya mpangaji.

Na pale ambapo mwenye nyumba ni Serikali au Wakfu, kanuni iwe ile ile. Haki haiwezi kumbana mwananchi na kuisamehe ofisi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakazi wa kila jengo na wakutane sasa, kabla ya masika.