Tusimcheke Mgeni wa Mjini

Likizo iliyopita, pale kituo cha Posta, kijana mmoja aliyekumbatia kifurushi chake alituuliza basi la kwenda Kariakoo. Mimi na wenzangu tulimcheka, tukamwonyesha basi lisilo lake.

Nyumbani nilimsimulia babu nikitumaini atacheka. Hakucheka. Alinieleza habari za Muhogo Mchungu, senema ya kuchekesha ya Kiswahili iliyotengenezwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mshamba anakuja Dar es Salaam, na wajanja wa mjini wanamlaghai.

"Wamjua aliyecheza mshamba yule?" babu aliniuliza. "Ni Rashidi Kawawa. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wetu."

Niliona haya. Je, yule kijana wa Posta nilimjua ni nani, au atakuwa nani kesho?

Mimi naona senema za kale za namna hii zitafutwe, zionyeshwe shuleni Jumamosi jioni. Kicheko chema humfunza hata anayecheka. Yule kijana sitampata tena kumwomba radhi. Lakini muhula ujao wageni wa kidato cha kwanza watafika bwenini na masanduku yao. Ndugu zangu, tuwaonyeshe njia ya kweli.