Kufumua programu si wizi, lakini jua mpaka uko wapi

Treni ilitoka karakana ikiwa nzima, kisha ikakataa kuondoka. Haya yalitokea Poland, ambako karakana ya SPS ilipewa kazi ya kukarabati treni zilizoundwa na kampuni ya Newag. Mafundi walifuata mwongozo hatua kwa hatua. Wapi! Treni ikagoma.

Mwaka wa 2022, SPS iliita wadukuzi wa kundi la Dragon Sector. Wakaifumua programu ya treni, yaani wakaisoma kutoka lugha ya mashine hadi wakaelewa imeshonwa vipi. Wanasema ndani walikuta maagizo ya kuizima treni ikikaa siku kadhaa kwenye karakana za washindani, zinazotambuliwa kwa GPS. Newag ilikana, na ikawapeleka kortini.

Sasa, mkosaji ni nani? Aliyeweka kufuli au aliyeligundua?

Wengi wetu hudhani kuigusa tu programu ya kampuni ni jela. Si hivyo. Hakimiliki hulinda msimbo jinsi ulivyoandikwa. Wazo lililo nyuma yake halina mwenyewe. Ndiyo maana mwaka wa 1992, katika kesi ya Sega dhidi ya Accolade, mahakama ya rufaa Marekani iliamua kwamba kufumua programu ili kutengeneza michezo itakayocheza kwenye mashine ya Sega ni halali, kama hakuna njia nyingine ya kujua inavyofanya kazi.

Hapa kwetu pia mlango uko wazi kidogo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema huhitaji idhini ya mwenye programu ukiifumua kupata maelezo ya kuiwezesha ifanye kazi na programu nyingine. Kwa hivyo kijana anayeunda app ya duka, na anataka isikizane na mashine ya risiti, ana pa kusimama.

Lakini usichanganye mambo. Kunakili msimbo wa mtu na kuuuza kama wako ni wizi. Na kufumua programu iliyo kwenye simu yako si sawa na kuingia kwenye seva ya benki. Kwa hilo la pili, sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 inakungoja na faini, kifungo, au vyote viwili. Soma pia ile mikataba tunayobofya "Nakubali" mbio mbio, kwani mingi hukataza kufumua.

Shida ni kwamba ruhusa yetu inataja programu kusikizana tu. Haimtaji fundi anayetafuta kwa nini gari la mteja limekataa kuwaka, ilhali magari, trekta na mita za siku hizi zote zinaendeshwa na programu. Bunge lina kazi hapo. Mtu akinunua kitu kwa pesa zake na kikagoma, sheria imwambie wazi kuwa anaruhusiwa kuangalia ndani.