Mapafu Yake, Pesa Yake, Lakini Hewa ni ya Nani?

Ilikuwa Ijumaa usiku kwenye kiwanja kimoja maarufu jijini Dar, muziki umekolea na meza zimejaa. Staa mmoja wa filamu, jina kapuni, alikuwa kaketi na washkaji zake wanne, sigara haimtoki mkononi. Akimaliza moja anawasha nyingine. Meza ya jirani alikuwepo mwanadada mjamzito aliyekuja kwenye bethidei ya mdogo wake. Alivumilia, akavumilia, mwisho akainuka na kumfuata jamaa kwa upole: kaka, samahani, unaweza kuizima au kusogea nje kidogo?

Jibu alilopewa ndilo lililogeuka gumzo la wiki nzima. "Sister, hapa ni baa, sio kliniki. Mapafu yangu, pesa yangu. Moshi ukikukera, nyumbani kupo."

Washkaji wakacheka. Mwanadada akarudi mezani, akachukua pochi yake, akaondoka kabla keki haijakatwa. Kuna aliyekuwa anarekodi, na mpaka Jumamosi mchana klipu ilikuwa kwenye kila simu.

Kama kawaida mji ukagawanyika. Kundi la kwanza likasema staa hana adabu, mama mjamzito anaombwa radhi, hafukuzwi. Kundi la pili likasema mjamzito naye kafuata nini baa usiku? Mtu akienda kula bata akubali na manyoya yake. Likaongeza kwamba sigara ni bidhaa halali, inauzwa dukani mchana kweupe, inalipiwa kodi, na mtu mzima ana uhuru wa kujiamulia.

Hoja hiyo ya uhuru si ya kupuuzwa. Inastahili kujibiwa, maana wengi wanaoipinga hukimbilia kumtukana mvutaji badala ya kujibu alichosema.

Mtu mzima ana haki ya kufanya mambo yasiyo na faida kwake. Anaruhusiwa kula chipsi mayai kila siku, kukesha akiangalia mpira, kumpenda mtu ambaye ukoo mzima unamkataa. Serikali haipaswi kuwa shangazi wa kila mtu. Nchi ambayo kila kisichompendeza mkubwa kinapigwa marufuku ni nchi ya kuogopa, na wanaoogopa hilo hawajakosea.

Tatizo la staa ni kwamba kauli yake ina nusu mbili na yeye aliishia kwenye nusu moja. Mapafu ni yake, sawa. Pesa ni yake, sawa. Lakini moshi ukishatoka puani kwake hauna tena mwenyewe. Unasambaa ukumbini, unaingia kwa kila anayevuta pumzi, na hapo hakuna aliyeulizwa kama anataka.

Wapo wanaouliza, mbona bia nayo inaua na hakuna anayeikataza baa? Tofauti iko wazi. Bia ya mtu inabaki kwenye glasi yake. Hata anywe kreti zima, wa meza ya pili hatalewa. Na siku ulevi wake unapotoka kwenye glasi na kuingia barabarani, akashika usukani, sheria inamkamata bila kuuliza pesa ya bia ilikuwa ya nani. Kanuni ni ile ile: madhara yakibaki kwa mwenyewe ni juu yake, yakimfikia mwingine huyo mwingine naye ana la kusema.

Na madhara yenyewe si hadithi za kutishia watoto. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na kadiri ya 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa zaidi ya watu milioni 1 hufa kila mwaka kutokana na moshi wa sigara za wengine. Hawa ni watu ambao hawakuvuta, walikaa tu karibu na wavutaji. Kwa mjamzito, moshi huo unahusishwa na kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Kwa mtoto ni pumu, vifua na masikio yasiyopona. Kwa mtu mzima ni moyo na saratani ya mapafu.

Halafu kuna ile tiba ya kienyeji ya baa nyingi: fungua dirisha, washa feni, watenge wavutaji kona ile. Mwaka 2006 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa ripoti nzito kuhusu moshi huu, na moja ya mambo iliyosema ni kwamba hakuna kiwango chake kisicho na madhara, na kwamba kutenga kona au kupitisha hewa ndani ya jengo hakuondoi hatari. Moshi hausomi kibao kilichoandikwa "mwisho wa wavutaji". Feni inachofanya ni kuugawa kwa usawa, kila meza ipate.

Lakini katika kelele zote za wiki ile kuna mtu mmoja aliyeonekana kwenye klipu na hakuna aliyemzungumzia. Ni binti mhudumu, kasimama nyuma ya kiti cha staa, kashika trei, anasubiri mabishano yaishe ili abadilishe kisahani cha majivu.

Mjamzito alikuwa na nyumbani pa kwenda. Binti yule je? Aliingia kazini saa kumi jioni na hatoki kabla ya saa nane usiku. Hakuja kula bata. Kaja kutafuta kodi ya chumba na hela ya kumtumia mama yake kijijini. Hawezi kumwambia mteja "zima", maana mteja anayeagiza chupa kubwa ndiye mfalme, na mhudumu anayewasumbua wafalme kesho hana kazi. Hawezi kutoka nje kupunga upepo, meneja atamtafuta. Kwa hiyo anavuta. Hajawahi kununua hata sigara moja, ila kila usiku anavuta ya meza sita, siku sita za wiki.

DJ naye yumo. Baunsa wa mlango wa ndani yumo. Dada wa kaunta yumo. Hata msanii anayepanda jukwaani kuimba live, ambaye sauti ndiyo mtaji wake, naye anaimba ndani ya wingu hilo. Ukiambiwa "nyumbani kupo" wakati nyumbani hakuna unga, huo uhuru una upande mmoja tu.

Ndiyo maana nchi zilizofika mbali kwenye suala hili zilianzia kwa wafanyakazi. Ireland, nchi ambayo baa ni kama sebule ya kijiji, ilipiga marufuku uvutaji kwenye sehemu zote za kazi zilizofungwa, baa zikiwemo, tarehe 29 Machi 2004. Wenye baa walilia kwamba biashara imekufa. Haikufa. Wavutaji walizoea kutoka nje, wakavuta, wakarudi kumalizia glasi zao. Nchi nyingine nyingi zikafuata. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wala hakuna haja ya kwenda mbali. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007, na anayetembea katikati ya Nairobi anajua kuwa kuvuta kuna sehemu zake maalumu, ukivutia barabarani unajitafutia kesi. Uganda ilipitisha yake mwaka 2015, ikakataza kuvuta kwenye maeneo ya umma na ndani ya mita 50 kuyazunguka. Tanzania yenyewe haikuchelewa kwenye karatasi. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ni ya mwaka 2003, na mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku nchi iliuridhia mwaka 2007. Ila sheria ile iliacha mwanya wa kutenga maeneo ya kuvutia, na mwanya huo kwa mjini umegeuka lango. Eneo maalumu la kuvutia kwenye kumbi nyingi ni pale mteja alipokaa.

Hapa ndipo wenye hofu ya uhuru wanapokuwa na pointi ambayo wapinga sigara hawapendi kuisikia. Marufuku za Bongo mara nyingi huja kwa tamko, zinawaka kama moto wa mabua, halafu zinazimika. Julai 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza kupiga marufuku shisha, kwa wiki kadhaa mabomba yalipotea mjini. Baadaye yakaanza kurudi kimya kimya, kwanza vyumba vya nyuma, kisha vyumba vya mbele. Marufuku ya namna hiyo haimlindi mhudumu. Inampa mkaguzi mwenye njaa sababu ya kupita kila mwisho wa wiki, na gharama hiyo mwenye ukumbi anaiongeza kwenye bei ya soda.

Na ikija kwa msako, inajulikana atakayebebwa. Atabebwa kijana wa kijiweni aliyesimama peke yake chini ya mwembe na sigara ya kununua moja moja, upepo unampepea, hamdhuru yeyote zaidi ya nafsi yake. Kule ndani, kwenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa, staa ataendelea kuvuta huku ofisa mmoja akimwomba selfie. Sheria ya hivyo itakuwa imekosea kila kitu: imemwadhibu asiyemdhuru mtu na kumwacha anayewadhuru hamsini.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kidogo na kiko wazi. Ndani ya jengo, chini ya paa na kuta, mahali watu wanapofanya kazi, kusivutwe. Basi. Bila kona maalumu, bila VIP, bila "huyu ni mtu wetu". Atakayewajibika kwanza awe mwenye ukumbi, maana ndiye mwenye leseni na ndiye anayeogopa kuipoteza. Mhudumu apewe haki ya kusema "bosi, sheria hairuhusu" bila kuhofia ajira yake. Na mvutaji aachiwe uwanja wake: nje, mbali na mlango, kiti kiwepo na kisahani cha majivu kiwepo, asitazamwe kama mwizi. Wavutaji wengi walianza wakiwa wadogo, na wengi wao wakihojiwa kwa utulivu watasema walishajaribu kuacha wakashindwa. Nikotini haimbembelezi mtu. Kumdhalilisha hakumsaidii kuacha, na si lengo.

Kuna watakaosema serikali ni mnafiki, inamkataza mtu kuvuta huku inakula kodi ya sigara na kumsifu mkulima wa tumbaku wa Tabora kwa kuleta fedha za kigeni. Unafiki huo upo na si wa kufichwa. Lakini haumsaidii binti mwenye trei. Mkulima wa Urambo hajawahi kudai kwamba zao lake lazima likavutiwe juu ya keki ya bethidei ya mtu. Sigara inaweza kubaki halali kununuliwa na bado ikawa haramu kuvutiwa ndani, kama spika ilivyo halali kununuliwa na bado jirani hana ruhusa ya kuipiga saa tisa usiku dirishani kwa mwenzake.

Na mambo haya huzoeleka haraka kuliko watu wanavyodhani. Miaka ya 1980 abiria walikuwa wanavuta ndani ya ndege, wamefungiwa angani pamoja na watoto wachanga, na ilionekana kawaida tu. Leo mtu akiwasha humo, wavutaji wenzake ndio watakuwa wa kwanza kumshangaa. Hakuna anayelia kwamba uhuru wake uliibwa kati ya Dar na Mwanza. Anasubiri, anashuka, anatoka nje ya jengo, anawasha.

Sasa turufu ya mwisho kwenye sakata hili. Watu wa karibu na staa yule wanasema nyumbani kwake hajawahi kuvutia sebuleni. Ana mtoto wa miezi minane. Usiku akishikwa na hamu anafungua mlango taratibu asimwamshe, anatoka barazani, anavuta huko peke yake, ananawa mikono na kubadilisha shati kabla ya kumbeba mwanawe.

Maana yake anajua. Hahitaji semina, kipeperushi wala ripoti ya mtu. Anajua moshi unafanya nini kwa mwili wa mwingine, na kwa anayempenda yuko tayari kusimama nje kwenye mbu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kinachoombwa kwenye kumbi za starehe ni baraza lile lile. Hatua kumi kutoka mezani hadi nje, dakika tano, kisha arudi kwa washkaji zake aendelee na usiku wake. Mtoto wa yule mwanadada bado hajazaliwa, na binti mwenye trei naye ana mtu nyumbani anayemwita mwanangu.