Masisi-Walikale: Namba kwenye gunia la koltani inasema nini?

Anayeagiza simu Dubai hupata ujumbe kila hatua: mzigo umeondoka, umefika, uko njiani. Ujumbe huo hauoni mzigo. Unaonyesha tu mahali mtu alipousajili mara ya mwisho. Madini yaliyo ndani ya simu hiyo nayo hufuatiliwa, na udhaifu ni ule ule.

Chini ya mpango wa ITSCI, ajenti wa serikali hufunga kwenye gunia kipande cha plastiki chenye namba, akaandika uzito na tarehe kwenye daftari. Kwenye depo hufungwa kingine. Mnunuzi wa mbali anasoma namba na kuamini. Lakini namba inathibitisha kwamba gunia lilifungwa siku fulani. Mchanga ulitoka shimo gani? Hapo ni neno la ajenti tu, na ajenti huyo mara nyingi mshahara wake haueleweki.

M23 waliteka Rubaya, wilayani Masisi, mwisho wa mwezi wa nne 2024. Mwishoni mwa mwaka huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba waasi hao walikuwa wakikusanya kule karibu dola 800,000 kwa mwezi, na kwamba angalau tani 150 za koltani zilivushwa kwa magendo hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Kigali inakana. Yakishachanganywa, gunia hupata namba mpya, na kwenye karatasi safari yake inaanzia upande wa pili wa mpaka.

Walikale si sawa. Bisie, kampuni moja, Alphamin, huchimba na kusafirisha bati yake yenyewe. Mkono mwingine hauingii kirahisi. Hata hivyo ilisimamisha kazi tarehe 13 mwezi wa tatu 2025, waasi walipokaribia, ikaanza tena mwezi uliofuata. Anayeumia zaidi ni mchimbaji mdogo: maajenti wakikimbia vita, hakuna namba, na mali yake halali inanunuliwa kwa bei ya magendo.

Mwezi wa pili 2025 Kinshasa ilitia maeneo 38 ya Masisi na Kalehe rangi nyekundu: yaani haikuruhusiwa kununua huko. Ila rangi inabaki kwenye kilima, gunia linatembea. Kipimo kinachosaidia ni kulinganisha uzito ulioandikwa na nguvu ya shimo lenyewe. Shimo dogo likionekana kutoa tani nyingi ghafla, mchanga huo umetoka kwingine.